Nani Anaiandika Jipe? Malipo na Ukweli katika Kamusi Elezo ya Mtandaoni

Mtoto wa leo akipewa kazi ya nyumbani kuhusu ziwa au mji asioujua, hafungui kitabu, anafungua simu. Jibu la juu kabisa mara nyingi limetoka Wikipedia, ile kamusi elezo ambayo mtu yeyote anaweza kuiandika na kuihariri. Hata hizi programu za akili mnemba, zinazojibu kila swali kwa sauti ya mwanachuoni, sehemu ya wanachokisema zimekisoma humo humo. Wenye hoteli, wenye kampuni za utalii, wanasiasa na wenye taasisi wameshalitambua jambo hili. Tangazo la gazetini linasomwa kama tangazo. Sentensi ile ile ikikaa ndani ya kamusi elezo inasomwa kama elimu. Hapo ndipo pesa inapoingilia.

Tuchukue mfano. Kijana wa Unguja aliyesoma kompyuta, hana ajira, anaitwa na bwana mwenye hoteli. "Mwanangu, niandikie ukurasa wa kijiji chetu, uitaje na hoteli yangu vizuri. Nitakupa chako." Kijana anaitikia, "Sawa mzee." Hakuibiwa mtu, hakuuzwa pombe, na maneno yote aliyoyaandika ni ya kweli. Sasa tatizo liko wapi?

Jibu la haraka ni kwamba hakuna tatizo, kazi ni kazi. Tunaona jibu hilo halitoshi. Ili tulione vizuri, ndugu msomaji, tutoke visiwani kidogo twende bara, mahali ambapo hakuna kelele nyingi za utalii na mambo yanaonekana yakiwa uchi.

Jipe ni ziwa dogo chini ya Milima ya Upare, na pia ni kata katika Wilaya ya Mwanga, Mkoa wa Kilimanjaro. Mwanga na Same zilikuwa wilaya moja ya Pare mpaka zilipogawanywa mwaka 1979. Ziwa lenyewe limekatwa na mpaka, nusu Tanzania na nusu Kenya, na upande wa Kenya linapakana na hifadhi ya Tsavo Magharibi. Kina chake ni kifupi. Maji yanaingia kwa Mto Lumi unaotoka upande wa Kilimanjaro na kupita Taveta, na kwa vijito vya Upare. Yanatoka kwa Mto Ruvu hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha yanafuata Mto Pangani mpaka baharini, ng'ambo ya mkondo tunaoutazama sisi kutoka Unguja. Kwa hiyo si mahali pa mbali nasi kama panavyosikika.

Kata nyingi za Tanzania zina ukurasa katika Wikipedia ya Kiswahili, na kurasa hizo kwa kawaida ni mistari michache tu: jina la kata, wilaya, mkoa, idadi ya watu kwa mujibu wa sensa. Wenyewe wanaziita "mbegu", maana yake makala iliyopandwa na inayosubiri mtu wa kuikuza. Ukurasa wa mji mkubwa una macho mengi, mtu akiandika upuuzi unafutwa kabla chai haijapoa. Ukurasa wa mbegu hauna mlinzi. Atakayekuja kwanza kuukuza ndiye atakayewaambia watu ziwa hili ni nini, na maneno yake yanaweza kukaa miaka bila kuguswa, yakinakiliwa huku na kule.

Sasa fikiria anayekuja kwanza ni kampuni ya kupeleka watalii. Ataandika kwamba Jipe ni ziwa tulivu lenye viboko na ndege wa kila rangi, kwamba ukitazama kusini unaiona Milima ya Upare na kukiwa hakuna mawingu unauona Kilimanjaro. Yote kweli. Hataandika kwamba mafunjo na magugu yamelibana ziwa mpaka wavuvi wanatafuta njia ya kupitisha mtumbwi. Hataandika kuhusu udongo unaoshuka kutoka miteremko iliyokatwa miti. Hataandika kuhusu mkulima anayekesha shambani kwa sababu ya tembo, maana tembo kwake ni picha ya kwenye kipeperushi. Pengine hatamtaja hata yule perege ambaye wataalamu wamempa jina la ziwa lenyewe, Oreochromis jipe, samaki wa bonde hili ambaye sasa anahesabiwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka.

Tazama: hakuna uongo hata mmoja katika ukurasa ule, na msomaji amedanganywa.

Waislamu hatuhitaji kwenda mbali kulielewa hili. Ipo Hadiyth mashuhuri aliyoipokea Imaam Muslim, ya Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alipopita sokoni kwa muuza chakula, akaingiza mkono ndani ya rundo na vidole vyake vikakuta umande. Juu pakavu, chini pabichi. Muuzaji akajitetea kwamba ni mvua. Lawama aliyopewa haikuwa kwa kuwa chakula kiliroa, maana mvua ni ya Allaah. Alilaumiwa kwa kuwa sehemu iliyoroa hakuiweka juu watu wakaiona. Yule bwana hakusema neno la uongo. Alipanga rundo tu. Na kazi ya uandishi wa sifa, kwa sehemu kubwa, ni kupanga rundo.

Jirani na Jipe, ukielekea Same, kuna mfano mzito zaidi, nao ni Mkomazi. Pori la akiba la Mkomazi lilianzishwa mwaka 1951, na baadhi ya wafugaji waliruhusiwa kuendelea kuishi humo na mifugo yao. Mwaka 1988 serikali ikawaondoa. Wafugaji wa Kimaasai na Kiparakuyo walikwenda mahakamani, kesi ikafika Mahakama ya Rufani mwaka 1999, na ardhi hawakurudishiwa. Wakaletwa pia faru weusi kutoka Afrika Kusini, na mwaka 2008 Mkomazi ikawa Hifadhi ya Taifa.

Habari hiyo inaweza kusimuliwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza inasema: pori lililoharibiwa na mifugo likaokolewa, faru wakarudi, leo ni fahari ya taifa. Njia ya pili inasema: watu walihamishwa kutoka malisho ya baba zao, ng'ombe wakafa njaa au kuuzwa, na sifa wakazipata wengine. Mtafiti wa Kiingereza, Dan Brockington, aliandika kitabu kizima kuhusu Mkomazi mwaka 2002, akionyesha jinsi masimulizi ya uhifadhi yalivyovuma kuliko sauti ya waliohamishwa. Sisi hapa hatuamui nani mwenye haki. Faru nao ni amana. Lakini ukurasa wa kamusi elezo unaotaja faru na kunyamaza kuhusu 1988 ni rundo lililopangwa. Na unaotaja 1988 na kunyamaza kuhusu faru ni rundo jingine, limepangwa na mkono mwingine. Tusidhani kwamba ghushi ni ya matajiri peke yao.

Na hapa kwetu? Paje na Jambiani zinajulikana leo duniani kwa watalii wanaoruka na matanga juu ya maji. Kilimo cha mwani katika ufukwe ule ule kilianza mwaka 1989, na kina mama wengi walijengea nyumba na kusomeshea watoto kwa mwani. Ukurasa wa kijiji ukiandikwa na hoteli, mwani utabaki kuwa picha ya machweo.

Wanaoendesha Wikipedia wameishi na tatizo hili kwa muda mrefu. Mwaka 2011 waandishi wa uchunguzi nchini Uingereza walijifanya wateja wakaenda kwa kampuni kubwa ya uhusiano wa umma, Bell Pottinger, na wakubwa wa kampuni wakajigamba mbele yao kuhusu ujuzi wao wa kusafisha habari za wateja mtandaoni, Wikipedia ikiwemo. Ilibainika kuwa wafanyakazi wake walikuwa wakihariri kurasa za wateja kwa majina ya kubuni. Kampuni hiyo hiyo ilikuja kuanguka mwaka 2017 kwa kashfa ya kampeni yake ya kuchochea chuki za rangi huko Afrika Kusini. Mwaka 2012 mahakama ya Munich nchini Ujerumani iliamua kwamba kampuni inayojiandikia sifa ndani ya Wikipedia kwa siri inafanya tangazo la kificho, na tangazo la kificho ni ushindani usio wa haki. Mwaka 2013 zilifungiwa akaunti zaidi ya 250 zilizohusishwa na kampuni moja ya Kimarekani iliyokuwa ikiuza huduma hiyo. Juni 2014 masharti ya matumizi yakabadilishwa: anayelipwa kuandika ni lazima ataje mwajiri wake, mteja wake na uhusiano wake na jambo analoliandika.

Sharti hili, ukiliangalia vizuri, halikukataza malipo. Limekataza kujificha. Wahariri wenyewe wanashauri zaidi ya hapo, kwamba mwenye maslahi asiuguse ukurasa kwa mkono wake, bali aende kwenye ukurasa wa majadiliano, ajitambulishe, aweke hoja na ushahidi, kisha mhariri asiye na maslahi aamue. Ni adabu inayofanana na ya kadhi, ambaye hasikilizi kesi ya ndugu yake.

Ama zile akaunti nyingi za bandia za mtu mmoja, zinazosifiana na kuungana mkono kwenye majadiliano kana kwamba ni watu kumi, zina jina la zamani katika fiqhi yetu: najash. Mtu anapandisha bei mnadani hali hana nia ya kununua, ili mnunuzi wa kweli ahadaike aone bidhaa inagombewa. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amelikataza, na hadithi zake zimo katika Bukhaariy na Muslim. Kilichobadilika ni mnada tu.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu, sisi yametuhusu lini. Yametuhusu, na kwa uchungu. Nairobi, mwaka 2010, ilianzishwa orodha ya biashara iliyoitwa Mocality. Haikuwa kamusi elezo, lakini ilijengwa kwa mtindo wa ushirika: watu wa kawaida walipita mitaani wakiandika duka hili na kinyozi yule, wakilipwa kwa M-Pesa kwa kila biashara waliyoisajili. Zikakusanywa biashara zaidi ya laki moja. Mwishoni mwa 2011 wenye biashara wakaanza kupiga simu Mocality wakiuliza kuhusu tovuti walizouziwa, huduma ambayo Mocality haikuwa nayo.

Mocality wakatega mtego. Waligundua kwamba anwani moja ya mtandao inapekua namba za biashara moja baada ya nyingine, wakabadilisha kurasa ili kila anayetokea anwani ile aone namba inayoingia kwenye kituo chao wenyewe. Simu zikapigwa, zikarekodiwa. Wapigaji walikuwa wakifanya kazi ya mradi wa Google wa kuwafungulia Wakenya tovuti, na walikuwa wakiwaambia wenye maduka kwamba Google inashirikiana na Mocality, jambo ambalo halikuwepo. Januari 2012 mkuu wa Mocality, Stefan Magdalinski, akayaweka hadharani, na Google ikakiri na kuomba radhi.

Liangalie tukio lile kwa jicho la muuza duka wa Nairobi. Aliiamini ile orodha kwa sababu kijana wa mtaani kwake ndiye aliyemwandikisha. Imani ile ndiyo iliyoporwa. Namba za simu zilikuwa wazi kwa kila mtu, hakuna aliyevunja mlango. Kilichochukuliwa ni ile hali ya muuza duka kusikia jina analoliamini na kusema ndiyo. Kazi iliyojengwa na wengi kwa jasho ina thamani moja tu sokoni, kwamba watu wanaiamini, na mwenye pesa hawezi kuitengeneza thamani hiyo, anaweza kuiazima tu bila ruhusa.

Kwa insafu tutaje pia upande wa pili, na unamhusu huyo huyo Google. Mwisho wa 2009 alitangaza shindano la kuandika Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, zawadi zikiwa kompyuta na simu. Maslahi yake yalijulikana: anayetafuta wateja wa Kiswahili anahitaji mtandao wenye Kiswahili. Lakini jina la mtoaji lilikuwa mlangoni, kanuni zilikuwa wazi, na mamia ya makala yakapatikana. Si yote yaliyokuwa mazuri. Mengine yalinuka tafsiri ya mashine, na baada ya zawadi kugawiwa wanafunzi wengi hawakuonekana tena, wakabidhi wachache wa kujitolea wakabaki na ufagio. Hata hivyo hakuna msomaji aliyehadaiwa. Leo Wikipedia ya Kiswahili ina makala zaidi ya 80,000, na sehemu kubwa imeandikwa na watu wasiolipwa kitu.

Turudi kwa kijana wetu wa Unguja. Fatwa tunawaachia masheikh wenye elimu yake, sisi tunachambua. Tunavyoona, ujira wa kuandika si tatizo kwa asili yake, kama ambavyo dalali hula halali yake madamu anajulikana kuwa ni dalali na hafichi aibu ya nyumba. Akijitaja kuwa analipwa na nani, akaweka na yale ambayo mlipaji hapendi yasomwe maadamu yana ushahidi, amefanya kazi. Ugumu ni kwamba mzee mwenye hoteli hatamlipa kwa ukurasa wa namna hiyo. Hilo tulikubali wazi wazi. Kijana atakayejitaja anaweza kuikosa kazi, na nyumbani wanasubiri unga. Wanaomwambia asifanye wawe tayari kumsaidia kupata nyingine, na nyingine zipo: tovuti ya hoteli yenyewe, picha, kurasa za mitandao ya kijamii, tangazo lenye jina la tangazo. Huko sifa ni halali yake na kila msomaji anajua anachokisoma.

Wenye biashara ndogo nao wajihadhari upande wao. Mwaka 2015 Wikipedia ya Kiingereza ilifungia akaunti 381 za mtandao mmoja wa matapeli, na makala 210 zikafutwa. Walifanya hivi: wanatafuta biashara au msanii ambaye rasimu ya ukurasa wake imekataliwa, wanamwendea kwa kujifanya wahariri wenye cheo, wanamdai pesa ili ukurasa uchapishwe, kisha wanamdai tena kila mwezi ili "waulinde". Akikupigia mtu akakuambia Wikipedia inataka malipo ili ikuandike, huyo ni mwizi. Wikipedia haiuzi kurasa. Na ukurasa wako ukiwepo, si mali yako. Aliyeandika leo kwamba hoteli ni nzuri anaweza kufuatwa kesho na mwingine atakayeandika kwamba ilifungwa kwa uchafu, akiwa na gazeti mkononi.

Liko jambo moja linalotusumbua zaidi ya hayo yote, na kanuni za 2014 hazikuligusa. Kamusi elezo haikubali neno la mdomo. Inataka chanzo kilichochapishwa: gazeti, kitabu, ripoti. Ni kanuni nzuri, inazuia porojo. Lakini nani ana vilivyochapishwa? Kampuni ya utalii inatoa taarifa kwa vyombo vya habari, gazeti linaichapa kama ilivyo, na taarifa ile sasa ni chanzo. Mzee wa Kivisini au Kwakoa aliyelijua ziwa kabla ya magugu hana gazeti. Anachokijua ni kikubwa kuliko cha kipeperushi, na katika ukurasa wa majadiliano kinahesabika si kitu. Kwa hiyo hata pasipo mtu kulipwa, hata pasipo akaunti ya bandia, mizani imeinamia upande wa mwenye ofisi ya uhusiano wa umma. Redio za jamii, magazeti ya mikoani na tovuti kama hii zina deni hapo, la kwenda kuwasikiliza watu hawa na kuandika kwa jina na tarehe, ili neno lao lipate kunukuliwa.

Na vipo vyanzo ambavyo vimeshachapishwa vikakosa mtu wa kuvifungua. Bonde la Pangani, ambalo Jipe ni sehemu yake, limeandikiwa ripoti nyingi kuhusu maji, samaki na udongo, karibu zote kwa Kiingereza na nyingi zinapatikana bila malipo. Ukiwa na simu, fungua ukurasa wowote wa Wikipedia na ubonyeze sehemu ya historia: utaona kila mkono uliougusa, siku na saa, na kila neno lililoongezwa au kuondolewa. Mwalimu wa sekondari anaweza kuwapa wanafunzi wake kata tatu za Mwanga na tatu za Kusini Unguja, wasome historia za kurasa zake, watafute ripoti, waongeze kinachokosekana pamoja na chanzo chake, kila mmoja kwa akaunti yake.